Mganga na seremala walikuwa na neno moja, tumelipeleka wapi?

Majuzi mwalimu mwenzangu anayefundisha Kiswahili katika shule moja mjini Elburgon aliniomba nimpunguzie mzigo wa kusahihisha insha za kidato cha pili. Mada aliyowapa wanafunzi wake ilikuwa rahisi na ya kuvutia: ‘Msitu ulio karibu nasi’. Nikaketi karibu na dirisha na rundo la madaftari. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na malori yaliyobeba magogo yalikuwa yakipanda barabara kwa taabu, yakielekea kwenye viwanda vya kupasua mbao.

Nilisoma insha ya kwanza. Msitu wake ulikuwa na minazi. Ya pili ilikuwa na mibuyu, na upepo mwanana uliokuwa ukivuma kutoka baharini. Ya tatu ilikuwa na ndege waliotumbuiza kama bendi ya harusi, vipepeo wa kila rangi, na mto uliotiririka maji maangavu kama kioo. Hivyo hivyo hadi ya kumi, ya ishirini. Nikainua macho kutazama nje tena ili nihakikishe niko wapi. Elburgon iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari. Mnazi haujawahi kuota hapa hata kwa bahati mbaya. Kinachoota ni mtarakwa, mwanzi, podo, muiri, na zaidi ya yote, misaipresi na misonobari iliyopandwa kwa mistari kama gwaride.

Msomaji atauliza: sasa watoto wana kosa gani? Hawana. Wametupa kile tulichowafundisha. Tumewakaririsha ‘mapambo ya lugha’ hadi wakaamini kuwa Kiswahili ni lugha ya mahali pengine, lugha inayojua pwani tu, na kwamba ukitaka kuandika Kiswahili kizuri sharti ufumbe macho kwanza usione ulipo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba huu si ugonjwa wa insha za shule peke yake. Umeingia katika magazeti, katika hotuba za upandaji miti, na katika namna tunavyozungumzia tiba na ufundi. Una gharama yake pia, na gharama hiyo hulipwa na watu wa mahali kama Elburgon.

Nianze na mfano wa karakana. Baada ya kuchoshwa na minazi nilitoka kunyoosha miguu nikafika kwa fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza kiti. Mguu wa kiti ulikuwa na ufa. Alikuwa ameuchonga ubao mwembamba, akaupaka gundi, akaukaza juu ya ufa kwa kamba. Nikamuuliza, “Fundi, hicho kibao unakiitaje?”

“Hiki? Ni kipande tu, mwalimu.”

“Na kazi yenyewe?”

“Kuunga. Tunaunga.”

Nikamwambia kwamba kamusi zina neno la kipande hicho: gango. Gango ni kitu chochote kinachoshikilia pamoja vitu vilivyoachana, kama vile kiraka, kibanio, au ubao wa kuunganishia boriti. Ni pia vijiti ambavyo mtu aliyevunjika mguu hufungwa ili mfupa uunge. Kitenzi chake ni kuganga. Na anayeganga ni nani? Ni mganga. Fundi akacheka sana. “Kwa hivyo mimi ni mganga wa viti?” Nikamwambia ndiyo, bila utani.

Hapa pana jambo ambalo wasomi wa lugha wanalijua lakini hatulisemi vya kutosha. Kuganga, kwa maana yake pana, ni kufunga, kuunga, kutengeneza kilichovunjika. Ndiyo maana methali yetu inasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mzizi wa neno hili si wa Waswahili peke yao. Ukienda hadi Kongo utakuta ‘nganga’ akiwa mtu yule yule mwenye kuponya. Wahenga waliouunda msamiati huu walimwona tabibu na seremala wakifanya kazi ya aina moja: kutazama kwa makini jinsi kitu kilivyoumbwa, kutambua kimeachana wapi, kisha kukirudisha pamoja kwa kutumia kitu kingine kilichotoka mwituni. Katika kitenzi kimoja walikuwa wameweka tiba, sayansi na usanifu.

Je, sisi tumelifanyia nini neno hilo? Nchini Kenya, mganga ni mtu wa kubandika karatasi kwenye nguzo za stima akitangaza kurudisha wapenzi waliopotea na kuongeza bahati ya kamari. Mwandishi wa habari akitaka kusema mchawi huandika mganga, akitaka kusema tapeli huandika mganga. Kwa daktari wa hospitali tumeweka neno la kigeni, na kwa anayetumia miti tumeweka ‘mtu wa mitishamba’. Neno lenyewe tumeliachia jalalani. Vuka mpaka uone. Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, daktari aliyesomea udaktari, anayesimamia masuala ya tiba ya nchi nzima, na kila mkoa una mganga mkuu wake. Hakuna anayemcheka. Neno ni lile lile, lugha ni ile ile. Kilichotofautiana ni heshima ambayo jamii imeamua kulipa.

Sisemi haya ili kuwatetea walaghai. Nakumbuka mwaka 2011, wakati maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya wengi, walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu. Dawa yake ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti unaoitwa mugariga. Foleni za magari zilikuwa ndefu ajabu. Lugha ya magazeti wakati huo nayo inastahili kuhakikiwa. Katika ukurasa mmoja kikombe kile kiliitwa dawa, tiba, muujiza, baraka na ponyo, kana kwamba maneno hayo ni visawe. Si visawe. Dawa inaweza kupimwa, kujulikana kipimo chake na madhara yake. Muujiza haupimwi. Ukichanganya maneno haya unamnyima mgonjwa nafasi ya kuuliza swali la muhimu kuliko yote: nijue vipi kwamba inafanya kazi? Wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya mchanganyiko huo, nao walipata hasara ambayo haikurekebishika.

Shaaban Robert aliliona tatizo hili mapema. Katika riwaya yake Kufikirika, mfalme asiye na mrithi anaita makundi ya waganga, kundi baada ya kundi: wa mizizi, wa makafara, wa hirizi na wengineo. Wahakiki wengi wamezoea kuisoma sehemu hiyo kama kejeli dhidi ya ushirikina. Mimi nadhani usomaji huo ni wa haraka mno. Kinachonivutia ni utaratibu. Kila kundi linapewa nafasi, linafanya kazi yake, na matokeo yanatazamwa. Hakuna linalofukuzwa mlangoni kwa sababu ya jina lake, na hakuna linaloaminiwa kwa sababu ya jina lake. Huo, ukiutoa katika mavazi yake ya kifalme, ndio mwanzo wa fikra za kisayansi. Mwandishi aliyeishi wakati wa ukoloni, wakati ambapo ‘sayansi’ ilidaiwa kuwa mali ya mzungu, alijenga jaribio zima kwa maneno ya Kiswahili bila kuomba radhi.

Nirudi Elburgon. Jirani na karakana ile, mama mmoja mzee alikuwa ameketi na gunia lililojaa magome na mizizi. Nikaokota gome moja, nikalitafuna kidogo. Liliwasha ulimi kama pilipili.

“Shikamoo mama. Hili ni gome la nini?”

“Marahaba. Hilo ni muthiga. La kifua, la tumbo, la meno.”

“Na kwa Kiswahili linaitwaje?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. “Kwa Kiswahili ni dawa tu.”

Jibu lile lilinifuata hadi nyumbani. Kwa Kiswahili ni dawa tu! Muthiga ndio mti ambao wanasayansi huuita Warburgia ugandensis, na Wamaasai huuita osokonoi. Mtaa wa kifahari wa Muthaiga jijini Nairobi unaaminika kupata jina lake kutokana na mti huu. Katika miaka ya 1970, watafiti walioshirikiana na kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, waliuchunguza mti huo wa pilipili. Walitenga ndani ya gome lake kemikali zinazowafanya viwavijeshi wakatae kula majani, na ambazo pia huua kuvu. Moja waliiita warburganal. Nyingine waliiita muzigadial, kutokana na muziga, jina la kienyeji la mti.

Fikiria hilo. Wanakemia waliuchukua muziga wakauingiza katika majarida ya kimataifa, ambako upo mpaka leo. Sisi tunaojiita walezi wa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, tumemwachia mama wa gunia neno moja tu: dawa.

Huenda mtu akasema jina ni jina tu, kinachoponya ni gome. Hebu tumtazame Tu Youyou wa China, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2015 kwa mchango wake katika kupatikana kwa artemisinin, dawa ya malaria. Yeye na wenzake walikuwa wamepata mmea sahihi, lakini matokeo ya maabara yalikuwa yakiyumba. Akarudi kusoma upya maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4. Maandishi yale yaliagiza mmea uloweshwe majini kisha ukamuliwe maji yake yanywewe. Hayakusema uchemshwe. Hapo akatambua kwamba pengine joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akabadilisha njia, akafaulu. Tofauti ya ‘loweka’ na ‘chemsha’ imesaidia kuokoa mamilioni ya watu. Kama tabibu yule wa kale angeandika ‘tayarisha dawa’ tu, tungekuwa wapi?

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya aina hii. Kuchemsha si kuchochota. Kuponda si kutwanga, wala kutwanga si kusaga. Kuloweka, kukamua, kuchuja, kufukiza, kuchua, kukanda, kubandika: kila kimoja ni hatua ya maabara. Lakini soma makala zetu za afya ya asili uone jinsi zinavyosema ‘dawa hutengenezwa kutokana na mizizi’ basi. Mizizi ya mti upi? Imefanywaje? Kwa kipimo gani? Uvivu huu wa maneno ndio unaowapa walaghai pa kujificha, kwa sababu tapeli na mjuzi wa kweli wakielezwa kwa sentensi ile ile hakuna wa kuwatenganisha.

Tazama pia mkasa wa muiri, ambao Wakalenjin huuita tenduet, na wanasayansi Prunus africana. Gome lake hutumika Ulaya katika matibabu ya uvimbe wa tezi dume. Biashara ilipochanganya, miti ilibanduliwa magome pande zote katika nchi kadhaa za Afrika, ikakauka imesimama. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Mjuzi wa jadi hubandua upande mmoja na kuacha mwingine ili mti upone. Yeye anauganga mti huku mti ukimganga yeye. Mfanyabiashara anahesabu kilo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno kubwa zaidi: maumbile. Msomaji alichambue nami. Kuumba ni kutia kitu sura. Kutokana na kuumba tunapata umbo, kiumbe, Muumba, na maumbile. Lugha nyingi huweka ‘asili’ upande mmoja na ‘usanifu’ upande mwingine, kana kwamba msitu ulijiotea ovyo na kiti ndicho kilichobuniwa. Mzizi wa Kiswahili haukukubali mgawanyiko huo. Mti una umbo, kiti kina umbo, nami nina umbile. Aidha, kuna kinyume chake: kuumbua. Kuumbua ni kuharibu sura ya kitu, na hapo hapo ni kumwaibisha mtu. Mlima uliokatwa miti yote umeumbuliwa, na sisi tulioukata tumeumbuka. Sidhani kuna haja ya hotuba ndefu ya mazingira baada ya kitenzi hicho.

Lakini neno maumbile tumelisukuma kando. Siku hizi tuna mawili yanayotawala: mazingira na maliasili. Sina ugomvi nayo. Yana kazi yake. Ila kila neno huja na mahali pa kusimama. Mazingira ni yanayonizingira: mimi niko katikati, msitu uko pembeni. Maliasili ni mali: msitu uko ghalani, swali lililobaki ni nani ana ufunguo. Ukilifahamu hilo utaelewa kwa nini mabishano kuhusu Mau huwa ni ya ekari, leseni na mita za ujazo, na mara chache huwa ni ya msitu wenyewe.

Katiba yetu, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali kufanya juhudi kufikia na kudumisha angalau asilimia 10 ya ardhi iliyofunikwa na miti. Serikali nayo imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Ni malengo mazuri. Lakini zingatia: kinachohesabiwa ni miti. Sasa nenda nyuma ya Elburgon ukasimame ndani ya mistari ya saipresi, mti uliotoka Mexico na Amerika ya Kati. Chini hakuna nyasi za maana, juu ndege ni wachache, na ardhi imefunikwa na vijiti vikavu. Vuka uingie mahali palipobaki miti ya asili, ambapo mitarakwa imevaa ndevu za kuvu na mianzi inatoa mlio. Pote pawili tunapaita ‘msitu’ katika taarifa za habari. Fundi yeyote wa Elburgon atakwambia si kitu kimoja. Pa kwanza ni shamba la miti: panapandwa, panavunwa, panalisha familia, na hilo si dhambi. Pa pili ni msitu. Tukiviita kwa jina moja, cha kwanza kinaweza kumeza cha pili na hesabu za asilimia zisionyeshe chochote.

Ajabu ni kwamba lugha ilishawahi kutusaidia hapa. Tangu zama za ukoloni, utaratibu wa kuwaruhusu wakulima kupanda mahindi na viazi katikati ya miche ya miti hadi iwe mikubwa ulijulikana kwa jina la mfumo wa shamba, na neno shamba likaingia hivyo hivyo katika vitabu vya Kiingereza vya misitu. Kiswahili kilikuwa kimesema ukweli: hili ni shamba. Sisi ndio tuliosahau.

Gharama ya maneno haya si ya nadharia. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Tangazo lilisema ‘misitu’ na likafunga vyote, msitu na shamba la miti. Misumeno ya Elburgon ilinyamaza, vijana wakakosa kibarua, misaipresi iliyokomaa ikaozea ilikosimama. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo, na hofu ikageukia upande mwingine: kwamba neno lile lile pana litafungulia vyote. Mabishano yaliyofuata hadi mahakamani yalionyesha kwamba tulikuwa tukibishana kuhusu vitu viwili kwa jina moja.

Waogiek wa Mariashoni, jirani kabisa na Elburgon, ndio wanaojua bei ya juu zaidi. Kwa miaka mingi waliambiwa waondoke Mau ili msitu uhifadhiwe. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, zikiwemo haki za ardhi, dini na utamaduni, na haikukubali kwamba wao ndio chanzo cha kuharibika kwa msitu. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia. Watu hawa huchonga mizinga yao kwa mtarakwa kwa sababu hauozi upesi wala mchwa haupendi. Huo ni usanifu uliotokana na kuyatazama maumbile kwa vizazi vingi. Lakini katika habari zetu huitwa ‘wakazi wa msituni’, na mizinga yao huitwa ‘ya kienyeji’, neno ambalo Wakenya hulitumia kumaanisha kitu ambacho hakijaendelea.

Nakiri kwamba hoja yangu ina hatari zake. Kwanza, asili ya neno si hukumu. Kwa kuwa kuganga kulimaanisha kuunga hakufanyi kila mganga kuwa mkweli, na kwa kuwa maumbile yanatokana na kuumba hakumaanishi kwamba kila Mswahili wa kale alilinda miti. Pwani pia mikoko ilikatwa, ikauzwa Arabuni. Pili, lugha haiwezi kuwa mzigo wa kila neno la kila kabila. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama mtarakwa. Wakikuyu husema mutarakwa, Wamaasai oltarakwai, Wakalenjin tarakwet. Neno likapanda ngazi likawa la Kiswahili, likapata ngeli yake ya U-I, mtarakwa, mitarakwa, na hakuna aliyeumia. Kwa nini muiri usifuate? Kwa nini muthiga au muziga ubaki nje? Watu wa pwani walipoletewa mti wa India waliuita mwarobaini, mti wa maradhi arobaini, na leo neno hilo linajulikana hadi Kigoma. Uwezo wa kuita vitu majina haukuishia Mombasa.

Kuna na suala la uzuri. Fundi wangu alinionyesha mbao mbili. “Hii ni nzuri,” akasema. Kwa macho yangu ile nyingine ndiyo iliyopendeza, ilikuwa na mawimbi mekundu. Akatikisa kichwa. “Hiyo ina urembo. Lakini itajipinda ikikauka.” Sijapata kusikia somo fupi la ujumi kuliko hilo. Zuri kwa Kiswahili hubeba ubora na mvuto pamoja. Urembo ni wa kurembwa, huongezwa juu. Insha zile za minazi zilikuwa na urembo tele, ila zikikauka zinajipinda.

Niliahidi kumsaidia mwalimu mwenzangu, basi nimalizie hapo. Chini kabisa ya rundo palikuwa na insha moja ambayo yeye alikuwa ameshaipa alama nane kwa ishirini. Msichana aliyeiandika alikuwa ameandika ‘msitu hiyo’ mara sita, na aliandika ‘saipresi’ kwa njia tatu tofauti. Hakuwa na methali hata moja. Lakini alisema msitu wao una pande mbili, upande wa kampuni na upande wa nyanya yake. Alisema nyanya yake hubandua gome upande jua linapochomoza, na mwaka unaofuata haurudii mti ule. Alisema baba yake kabla ya kukata mti huugonga kwa kisigino cha shoka na kuusikiliza. Ukilia kama debe tupu basi umeoza ndani, anauacha. Kisha akaandika kwamba miaka ile ya marufuku baba alikuwa akienda kuigonga miti hata hivyo, bila shoka, kwa ngumi tu, kisha anarudi nyumbani.

Mwalimu mwenzangu ni mtu makini na ninamheshimu. Anasema mtihani wa kitaifa hautamhurumia mtoto huyu, na kwamba kazi yake ni kumwokoa na ‘msitu hiyo’ kabla ya mtahini kumkamata. Ana haki. Sarufi ni gango; bila gango kiti huanguka. Nami nilimjibu kwamba gango bila kiti ni kipande tu, kama alivyosema fundi. Yeye bado anashikilia nane. Mimi nilimpa kumi na tano, na pembeni nikamwandikia msichana: sahihisha ngeli, kisha uniulizie nyanya mti ule unaitwaje.

Msomaji, wewe ungempa ngapi?